Mwanenu Hakimbizwi na Mtu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Shikamoo pia Baba Mdogo, na salamu kwa wote wa barabara ya 12 hapo Ngamiani, Tanga, mnaoisoma barua hii kwa zamu kwenye simu ya Shangazi. Mimi mzima. Magoti tu ndiyo hayajanisamehe.

Nimesikia yaliyosemwa kuhusu ile picha iliyoingia kwenye kundi la familia. Nimeambiwa Bibi aliuliza nani ananikimbiza, na jirani akashauri nisomewe dua. Basi nieleze. Ile kaptura ni yangu, sikuiazima. Lile karatasi la kung'aa mabegani si la kufungia kuku. Hupewa wanaomaliza mbio ili mwili usipoe ghafla. Na wale walio nyuma yangu si polisi, ni wakimbiaji wenzangu. Yule mwenye pembe ni mtu mzima aliyevaa vazi la kifaru, na mpaka picha inapigwa tulikuwa tumepitana njia nzima, yeye akinipita zaidi ya ninavyompita.

Hiyo ndiyo London Marathon. Inaanzia Blackheath kule Greenwich, inavuka Tower Bridge, inazungukazunguka kwenye maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf, halafu inarudi kandokando ya Mto Thames mpaka karibu na mlango wa Mfalme. Kilomita 42 na mita 195. Ni kama kutoka Tanga kwenda Muheza kwa miguu ilhali mabasi yapo na nauli unayo. Hizo mita 195, kama mnamtafuta wa kulaumiwa, ni za mwaka 1908. Olimpiki ilikuwa hapahapa London, mbio zikaanzia kwenye kasri la Windsor na kumalizikia uwanjani mbele ya viti vya ukoo wa kifalme. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtoto wa Tanga anachechemea kwa sababu ya mahali alipokaa mtu.

Mnajua sisi si watu wa mbio. Tanga ni baiskeli. Anayekimbia Ngamiani ama kaiba ama kaibiwa. Lakini huku ukisema umetoka Tanzania, mtu anafikiri kidogo, anasema "karibu na Kenya," kisha anakutazama miguu. Nilivumilia miaka yote hiyo mpaka Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa ubingwa wa dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kukimbia saa mbili na ushei. Kesho yake gereji nzima ya mabasi ninapofanya kazi ilinipa mkono mimi. Niliupokea. Baadaye niliwaeleza habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kule Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nilitaka wajue mapema ni Mtanzania yupi nitakayemfuata kwa mwendo.

Sasa linakuja lile lililomsumbua Baba Mdogo: nililipwa kiasi gani? Sikulipwa. Mimi ndiye niliyetafuta hela. Msicheke kwanza.

Kwetu mtu akiwa na shughuli, kamati inakaa, kadi zinachapwa, ahadi zinaandikwa daftarini, na ukikawia kulipa unakumbushwa kwenye kundi mbele ya mashemeji. Hakuna anayemtaka bwana harusi apande Kilimanjaro kwanza. Huku huombi mchango ukiwa umekaa. Nilipomwambia mwenzangu wa zamu kwamba nachangisha kwa ajili ya utafiti wa saratani, aliniuliza, "Na wewe utafanya nini?" Nikasema nimeshafanya, nimekuja kuomba. Akacheka, akadhani natania. Ni lazima uteseke: ukimbie, unyoe ndevu ulizozifuga miaka kumi, uogelee baharini Januari, ukae kwenye beseni la maharage. Yupo Lloyd Scott, zimamoto wa zamani aliyewahi kuugua saratani ya damu. Mwaka 2002 alitembea London Marathon nzima amevaa vazi la mpiga mbizi wa kale, lenye kofia ya shaba na viatu vya risasi, akafika baada ya zaidi ya siku 5. Watu walitoa. Ukiteseka sawasawa, Mwingereza hufungua pochi bila kuulizwa mara ya pili.

Kwa maoni yangu, watu hawa wanaona haya kuombwa na wanaona haya zaidi kuomba, na jasho linawasitiri pande zote mbili. Mtoaji hajisikii ameombwa, amemtunza mkimbiaji. Mkimbiaji naye hakunyoosha mkono, alinyoosha miguu. Sisi tunaita mchango na kumaliza, kisha tunakula pilau. Sisemi njia ipi ni bora, ila yetu haichubui mapaja.

Na msidhani kukimbia ni bure. Waliotuma maombi ya kuingia mbio za 2026 kwa bahati nasibu walizidi milioni 1.1, na waliomaliza mbio za 2025 walikuwa zaidi ya 56,000. Piga hesabu ya kukosa. Njia nyingine ni kupitia shirika la hisani: shirika linanunua nafasi, linakupa, nawe unaahidi kulichangishia, mara nyingi pauni 2,000 au zaidi. Nikasaini. Usiku nikazigeuza kwa shilingi, usingizi ukaisha.

Vitumbua ndivyo vilivyoniokoa. Kila Ijumaa nilipanga meza kwenye chumba cha mapumziko ya madereva: vitumbua, kachori na bajia za kunde. Shangazi, ile iliki uliyoniambia niizidishe niliizidisha. Walikuwa wakirudi mara tatu, wakitia noti kwenye kopo na kuuliza mazoezi yanaendeleaje huku midomo imejaa. Wale waliotoa kwa kadi mtandaoni walijaza fomu ya walipa kodi, kwa sababu hapa kila pauni anayotoa mlipa kodi serikali huliongezea shirika peni 25. Nimewaza sana kamati zetu za harusi zingekuwaje kama mamlaka ya mapato ingeongeza robo juu ya kila ahadi.

Kilichonisukuma ni mzee mmoja wa Jamaika, dereva mwenzangu, aliyenifundisha njia nilipoanza kazi. Alipata uvimbe kwenye paja. Hauumi. Akadhani msuli umevutika, akaupaka dawa ya kuchua. Ulipofika ukubwa wa ndimu mkewe akamburuta hospitali, ikaonekana ni sarkoma, saratani inayoanzia kwenye misuli, mafuta, mishipa au mifupa. Ina aina karibu 100, kwa hiyo hata mwenye sarkoma akikutana na mwenzake huenda ugonjwa wao ukawa si mmoja. Ulaya huiita saratani adimu ikiwa wagonjwa wapya ni chini ya 6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ukizikusanya zote adimu pamoja, zinafika kama moja ya tano ya saratani zote. Lakini hazikusanyiki. Kila moja iko peke yake na wagonjwa wake wachache, waliotawanyika hospitali hii na nchi ile, na kupata wa kutosha kuijaribu dawa moja ni kazi ya miaka. Mwenye kiwanda cha dawa anahesabu wanunuzi, anafunga daftari. Ndipo vitumbua vinapoingia.

Kama kuna wa kubebeshwa lawama kwa mimi kuvaa kaptura, ni Terry Fox, kijana wa Kanada. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Madaktari walimwambia ana nafasi nusu kwa nusu ya kuishi, na kwamba miaka 2 tu kabla yake ingekuwa asilimia 15. Kilichobadilika katikati ni dawa, na dawa zilitokana na utafiti. Basi Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi nzima kwa mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku. Kila bandia ilipokanyaga, mguu mzima uliruka mara mbili. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ikaonekana kwenye mapafu. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22, na alikuwa ameshapata alichoomba: dola moja kwa kila Mkanada, zaidi ya milioni 24.

Baba Mdogo ameuliza kwa sauti, kama kawaida yake: "Utafiti wa Wazungu utatufaa nini sisi?" Jibu liko Kampala. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Kwa Uingereza ilikuwa saratani adimu. Kwa ukanda wetu wenye malaria haikuwa adimu hata kidogo. Machi 1961 alikuja kuisimulia hapa London, katika Hospitali ya Middlesex. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa amekaa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikawa vinaletwa kwa ndege kutoka Kampala, kimojawapo kikatua Manchester ndege ilipokwepa ukungu, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona humo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Adimu ni neno la mahali, Baba Mdogo. Inategemea umesimama wapi ukihesabu.

Mbio zenyewe sitazisimulia zote. Njiani wahudumu wa huduma ya kwanza hunyoosha mikono iliyopakwa mafuta ya mgando, ujipake penye kuchubuka. Jamaa mmoja mbele yangu, amechoka hata haoni, alichota kwa vidole viwili akatia mdomoni, akamshukuru mhudumu kwa adabu, akaendelea. Mwaka 2019 mwingine alikimbia ndani ya mnara wa Big Ben wa kujitengenezea, akafika mwisho mnara ukakwama kwenye boriti ya mstari wa kumalizia. Kwa viwango hivyo mimi nilimaliza kwa heshima. Mzee wangu wa Jamaika alikuwa Embankment, kando ya Mto Thames, na fimbo yake, ananipigia kelele nisipitwe na kifaru. Mnajua yaliyotokea.

Medali nitaileta Desemba. Si ya dhahabu, kwa hiyo Shangazi asimwahidi mtu.

Na Baba Mdogo, uliahidi shilingi 50,000 mbele ya kundi zima, nikifika mwisho. Nimefika. Serikali ya Mfalme haitakuongezea robo, maana hulipi kodi huku, lakini ahadi imeandikwa. Mpe Shangazi kabla ya Ijumaa, au nitakukumbusha kwenye kundi, mashemeji wakiwepo.

Wenu,
Mwana wa Ngamiani