Sifa Njema za Sauti Mbovu

Wahakiki wenzangu husifu sauti safi, kana kwamba usafi ni kipaji. Leo nasimama upande wa pili: naisifu sauti mbovu, ule mkwaruzo na mvumo unaozigubika albamu mpya za blaki metali kutoka bendi za andagraundi. Imetukanwa vya kutosha, nami ninayeisikiliza kwa kazi nina deni nayo.

Nianze na nasaba yake, maana si mtoto wa kuokotwa. Jina la muziki wenyewe lilitoka Newcastle, Uingereza, mwaka 1982, bendi ya Venom ilipoiita albamu yake Black Metal. Ubovu ulikuja kulelewa Norwei. Mwaka 1994 bendi ya Darkthrone ilitoa albamu ya Transilvanian Hunger, ambayo Fenriz, mmoja wa wanabendi, alipiga ala zote peke yake, akazirekodi nyumbani kwa mashine ya njia nne. Naye Varg Vikernes wa Burzum, alipokuwa akirekodi albamu yake Filosofem, aliimbia kipaza sauti cha hedseti na kulipitisha gitaa kwenye amplifaya ya stirio ya ndugu yake. Anayeutafuta ubovu kwa bidii hiyo haitwi mzembe.

Nasaba niikatie hapo, kwa kuwa ukoo huu una waliochoma makanisa, na Vikernes huyo huyo alimuua Euronymous wa bendi ya Mayhem mwaka 1993. Sifa zangu ni za kelele tu. Kiberiti na kisu havimo.

Sasa fadhila zake. Kwanza, humsitiri mwanamuziki. Mpiga ngoma akiachwa na mdundo hakuna wa kumshtaki, kwani ngoma zenyewe zinasikika kama mvua ya masika juu ya bati. Pili, humsitiri mtunzi: mwimbaji hupiga yowe tangu mwanzo hadi mwisho, na mashairi hubaki siri kati yake na koo lake. Hata jina la bendi husitiriwa, likachorwa kwa miiba na mizizi hadi herufi zipotee. Mbelgiji Christophe Szpajdel, aliyeichora nembo ya bendi ya Emperor, amejijengea heshima duniani kwa ufundi huo.

Fadhila ya tatu ni yangu. Nikiandika kwamba gitaa la pili limebeba huzuni nzito, nani atanibishia? Huenda gitaa la pili halipo kabisa. Muziki unaosikika vizuri humfunga mhakiki kwenye ukweli. Huu humwachia nafasi ya kutosha.

Wahenga walisema kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Kibaya hiki hakifanyi lolote kati ya hayo. Hutolewa kwenye kanda za nakala chache, kikajifungia ndani, na wanaokitaka wakahangaika kukisaka. Nionyesheni kizuri chenye adabu hiyo.

Wapinzani watasema ni umaskini tu uliovishwa joho. Nawajibu kwa bendi ya Ulver. Albamu yao Nattens Madrigal ya mwaka 1997 inakereketa masikio kiasi kwamba ulizuka uvumi kuwa waliirekodi msituni, na pesa za kampuni ya rekodi wakanunulia suti na magari. Kumbe waliirekodi studio, kama watu wengine wote. Makali yale yalikuwa kazi ya mafundi, tena kazi ya kulipwa.

Siku hizi mambo yamepinduka zaidi. Kompyuta ya kawaida hurekodi safi bila kuombwa, kwa hiyo anayetaka mkwaruzo lazima aununue: atafute mashine kuukuu ya kanda, au programu ya kuuchafua wimbo uliokwisha kung'aa. Fukara sasa anasikika vizuri kwa kukosa la kufanya, na mwenye uwezo anagharamia uchafu. Sauti mbovu imepanda daraja. Karibu itaanza kuvaa tai.

Hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu, kwani lazima nitenganishe ubovu wenye kitu na ubovu mtupu. Kipimo ninacho. Naizima albamu, nakwenda jikoni, nasubiri. Transilvanian Hunger hunifuata huko: chini ya mvumo wote ule mna nyimbo za kuimbika, na mtu hujikuta akizinong'ona huku akimenya vitunguu. Albamu mpya ikinifuata jikoni, naipa alama za juu. Isiponifuata naipa pia, ila naongeza maneno kuhusu huzuni nzito ya gitaa la pili.