Heko kwa Mpaka Rangi

Kijana wa Tanga aliyekabidhiwa takwimu za mkonge azipange kwa Python, lugha ya kuandikia programu, anaweza kushinda mchana kutwa bila kuzigusa. Amefungua IPython, dirisha la kuandika mstari mmoja na kujibiwa papo hapo, naye anachagua rangi: tarakimu ziwe za kijani, maelezo yafifie, makosa yawe mekundu, lakini wekundu wa heshima. Wenye haraka humwita mzembe. Mimi nampa heko, maana uzembe wa namna hii una ukoo mkubwa. Mwaka 2001 Fernando Pérez, mwanafunzi wa fizikia huko Colorado, alikuwa na tasnifu ya udaktari ikimsubiri. Akaiacha kando, akakaa kuipamba Python kwa mistari 259, akizipa amri namba kama zilivyopewa barabara za Ngamiani mjini Tanga, ili aliyekwishapita ya nne ajue pa kuirudia. Pambo hilo ndilo IPython yenyewe, na mwaka 2014 likazaa Jupyter, ambamo wanasayansi wa dunia nzima sasa hufanyia hesabu zao. (Tasnifu nayo aliimaliza, ila nani anaiulizia?)

Mtasema wapambaji ni wengi na Pérez ni mmoja. Ni kweli, lakini wachapakazi nao ni wengi, na hakuna anayewadai Jupyter. Mtasema tena kwamba rangi zenyewe hutia hasara: bluu iliyokoza juu ya weusi haisomeki, seuze saa saba mchana jua la Raskazone likimulika kioo. Hapo ndipo mpambaji anapohamia mpangilio wa LightBG, uliotengenezwa kwa kioo cheupe, na njiani anajua faili la mipangilio linakaa wapi, elimu ambayo mchapakazi huitafuta siku mashine imegoma. Aliyechagua kuhariri kwa mtindo wa kihariri vi, urithi wa Bill Joy tangu 1976, ambamo herufi ileile mara ni herufi mara ni amri, huyo simtetei: waja leo, kuondoka majaliwa.

Na wapinzani wamekwisha kuzidiwa. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, inakuja na rangi zake bila kuombwa. Asiyezitaka ana ruhusa ya kuzizima, mradi aingie kwenye mipangilio aandike PYTHON_COLORS=0, yaani naye akae kitako, aache takwimu, ashughulikie rangi.