Sifa za Foleni ya Printa

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, kanga nayo imepata watunzi wake. Printa bado. Ofisini hakuna chombo kinachotukanwa kuizidi: hupigwa makofi ubavuni, huzimwa na kuwashwa bila kuulizwa inaumwa wapi, na barua ikichelewa kumfikia mkurugenzi ndiyo husingiziwa. Ikiwa printa ni mnyonge, foleni yake ni mnyonge wa wanyonge, kwa sababu hata kuonekana haionekani. Kwenye kompyuta za Linux ni folda tu, /var/spool/cups, ambamo kila kazi iliyotumwa hungojea zamu. Anayetaka kusemezana nayo bila mkalimani hufungua kile kidirisha cheusi kisicho na picha wala vitufe, akaandika amri herufi kwa herufi. Wengi hukikimbia. Mimi nadai foleni inastahili kusifiwa kuliko mnazi, maana katika yote yanayotungojesha hapa duniani, foleni hiyo ndiyo isiyotuficha kitu kuhusu kungoja kwetu.

Ushahidi wa kwanza umo katika muundo wake. Programu inayosimamia uchapaji kwenye Mac na kwenye Linux nyingi ni CUPS, iliyoandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999. Apple walianza kuitumia mwaka 2002. Kutoka kwa Unix ya zamani ilirithi desturi ya kutenganisha mambo mawili ambayo ofisi nyingi huyachanganya kwa makusudi: kupokea kazi na kuifanya. Amri za cupsaccept na cupsreject hufungua na kufunga mlango wa kupokea; cupsenable na cupsdisable huendesha na kusimamisha uchapaji wenyewe. Kwa hiyo foleni inaweza kupokea kazi 100 huku printa imelala, na hilo si siri: andika lpstat -t, nawe utaonyeshwa kwamba foleni inapokea tangu tarehe fulani saa fulani, na kwamba printa imesimama tangu tarehe fulani saa fulani. Karani wa dirishani naye hupokea faili lako kwa tabasamu, akaligonga muhuri, akakwambia urudi kesho, ilhali anajua fika kwamba mwenye kutia saini yuko likizo hadi mwisho wa mwezi. Naye anapokea na amesimama kwa wakati mmoja, ila nusu ya pili ya habari hubaki nayo mwenyewe. Tena cupsdisable hukubali -r, pa kuandikia sababu. Fundi akiandika pale “tona imekwisha, mpya inakuja Alhamisi”, maneno hayohayo atayasoma kila aulizaye, awe mkurugenzi au mpika chai.

Mbishi atasema upendeleo umo humo pia. Umo. Amri ya lp ina -q, inayoipa kazi daraja kati ya 1 na 100, na asiyesema kitu hupewa 50. Lakini utazame upendeleo wenyewe ulivyo mwembamba: ni tarakimu. Haubishi hodi mlango wa nyuma, haumtaji mjomba wa mtu, na kwa kawaida haumzuii mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi kuandika 100 kama mkuu wa idara. Na foleni ikiagizwa kutunza page_log, itaandika nani amechapa, lini, na kurasa ngapi. Kadi za harusi zilizochapwa kwa karatasi za ofisi zitakaa pale na jina la mwenyewe pembeni.

Ndiyo, ni kali, na ukali wake unachukiza. Katika lpadmin, amri ya kusajili printa, kuna -E, herufi moja yenye tabia mbili: ukiitanguliza kabla ya -p na jina la printa, inadai mawasiliano yafungwe kwa usimbaji, ukiiweka baada yake, inafungulia printa na kuiruhusu ipokee kazi. Anayeiweka pasipo pake hapati kosa lolote. Anapata printa iliyosajiliwa vizuri, isiyochapa. Watu wamelia kwa hili. Lakini ukali huohuo hututoa kwenye balaa linaloijua vyema Afrika Mashariki, la karatasi ya Kimarekani. Hapa tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Wamarekani wana Letter, 216 kwa 279, na programu nyingi huja zimewekewa hiyo. Basi printa husimama, trei imejaa karatasi, ikidai karatasi ambayo duka la steshenari la mtaani haliiweki. Wafanyakazi huchomoa trei na kuirudisha, wakaichomoa tena. Kumbe amri ya lpoptions -p ofisi -l hutoa orodha ya machaguo yote ya printa inayoitwa ofisi, na kinyota mbele ya lile linalotumika sasa. Kinyota kikiwa kwenye Letter, mchawi ameshikwa; lpadmin -p ofisi -o PageSize=A4, ugomvi umekwisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msema kweli huyu huongopa: hutangaza kazi imekamilika na mezani hakuna karatasi. Hapa sifa zangu zinayumba kidogo, nakiri, lakini hazianguki. Printa iliyounganishwa kwa njia ya kizamani ya mlango 9100 humiminiwa data tu, na foleni hushuhudia kile ilichokiona, yaani kwamba mzigo umekabidhiwa. Uongo wa wazi ni wa jirani yake: kiini cha Linux, printa ya waya ikilalamika bila kusema karatasi imekwisha wala imezimwa, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba printa inawaka moto. Ukweli kuhusu karatasi iliyokwama umewagharimu watu zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman wa maabara ya akili unde ya MIT alitaka printa mpya ya Xerox, iliyokuwa ghorofa nyingine, iwaarifu waliotuma kazi kila inapokwama, kama alivyoiwezesha ile ya zamani. Akanyimwa msimbo wa programu. Kinyongo hicho kilichangia kuzaliwa kwa mradi wa programu huru wa GNU, aliouanzisha mwaka 1983, na ambao leo kompyuta nyingi za dunia zinautegemea. Sijui chombo kingine cha ofisi ambacho kwikwi yake imezaa mengi kiasi hicho.

Wengine huja na hoja ya usalama, na ushahidi wanao. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilipitia huduma ya uchapaji ya Windows. Mwaka 2021 huduma hiyohiyo ikaleta tundu lililoitwa PrintNightmare. Na Septemba 2024 Simone Margaritelli akaanika matundu ya cups-browsed, msaidizi wa CUPS anayetafuta printa mtandaoni. Dawa ya haraka ya hili la mwisho ilikuwa mstari mmoja wa amri, systemctl disable --now cups-browsed, na aliyekijua kidirisha cheusi alilala mapema. Ila wezi wenyewe wanaiheshimu printa kuliko sisi. Februari 2016 walioingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh waliagiza uhamisho wa karibu dola milioni 951, na milioni 81 zikaishia Ufilipino. Waliona haja ya kuinyamazisha printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za miamala ya SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya mabenki. Wafanyakazi walipokuta haichapi walidhani ni ubovu wa kila siku. Dharau yetu kwa printa ndiyo iliyowafichia wezi nyayo.

Imebaki hoja ya vijana: siku hizi simu huiona printa yenyewe, AirPrint ipo tangu 2010, na hata lpadmin ikipewa -m everywhere huiuliza printa ina uwezo gani bila kutafuta dreva. Amri za nini tena? Ni za siku printa inaposimama. Simu itasema haipatikani, itazungusha kaduara kake, basi. Aliye mbele ya kidirisha ataandika lpstat -o aone kazi zilizoziba njia, ataiondoa kwa cancel ile ya kurasa 400 iliyotangulia, ataandika cupsenable, na mashine itaanza kunguruma. Mwenye kurasa 400 hatahitaji kutafutwa. Jina lake limo kwenye orodha.