Hotuba ya Kutetea Ngazi

Mimi ni Bingwa wa Ngazi, cheo nilichojivika mwenyewe baada ya kukosekana mpinzani. Nasema kinagaubaga: usanifu kwa wote ni anasa, kwani wanaouhitaji hawaonekani. Tazameni daladala. Kipandio kiko juu, konda anagonga bodi na kukuamuru ushuke na mguu wa kushoto hata gari halijasimama. Sasa hesabuni abiria wenye viti mwendo humo ndani. Hamna! Basi hitaji nalo hamna. Wakorofi watadai kwamba hawaonekani kwa sababu hawawezi kupanda, lakini huko ni kuchanganya ushahidi na sababu zake, kosa ambalo sisi mabingwa hatulifanyi. Watanitajia pia mwendokasi wa Dar es Salaam: tangu 2016 vituo vya Barabara ya Morogoro vimeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, mtu akaingia bila kubebwa kama gunia. Naam, na matokeo yake? Mzee wa magoti anaingia, mjamzito anaingia, mwenye begi la magurudumu anaingia, hata kijana mzima mwenye haraka zake. Utamtambuaje mlengwa katika mchanganyiko huo? Msaada usiomwaibisha mtu tutaupigaje picha?

Chanzo cha fujo hii ni Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani, ambaye mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni saba za usanifu huu. Mace alitumia kiti mwendo, kwa hiyo alikuwa na maslahi binafsi. Mimi sijawahi kukikalia, ndiyo maana sina upendeleo. Kipimo cha njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 tu kinadai mteremko wa mita 1.8, nafasi ambayo gari la meneja lingeegeshwa kwa heshima.

Mtanitisha kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Yanafikika! Hoteli yoyote makini ina vijana wawili wenye mabega, na mgeni anabebwa mzobemzobe, bure kabisa. Akitaka kutoka usiku kula pweza ufukweni? Aombe mapema, kwa maandishi. Ofisi ya maombi iko ghorofa ya tatu, na hufungwa saa tisa alasiri.