Barua Iko Kwenye Foleni, Mzee

Barua pepe ina subira ambayo binadamu hakujaliwa. Kanuni zake, alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982 na zikahuishwa mwaka 2008, zinaitaka seva isikate tamaa mapema. Ikikuta mlango wa mpokeaji umefungwa, ikae angalau nusu saa, irudi kubisha hodi, na iendelee hivyo kwa siku 4 au 5 kabla ya kumrudishia mwenyewe barua yake. Siku 5! Bosi wangu hana subira ya kungoja chai ipoe.

Mimi nimekaa katikati ya hao wawili, katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha mjini Tanga. Mkataba wangu unasema ni karani wa nyaraka. Bahati mbaya nilionekana siku moja nikibadilisha wino wa printa, na tangu hapo kila kitu chenye waya ni changu.

Seva yetu ni kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza ya mhasibu. Ipo kwa sababu bosi alikataa kulipia huduma ya barua pepe ya kila mfanyakazi kila mwezi, na kwa sababu fundi aliyeifunga alimwambia jambo la kweli kabisa: mtandao ukikatika, barua za ndani ya ofisi zitaendelea kwenda. Zinakwenda kweli. Mtandao ukikata asubuhi, mizigo ya watu inalala bandarini, lakini mapokezi na uhasibu, waliotenganishwa na ukuta wa mbao, wanaandikiana hadi saa ya kufunga kuhusu nani alikula maandazi ya nani. Bosi huwekwa kwenye nakala.

Tatizo ni barua za nje.

“Kijana, ile barua ya Dubai imekwenda?”

“Shikamoo mzee. Iko kwenye foleni.”

“Marahaba. Foleni ya nani? Mbele yake kuna nani?”

Nikamweleza kwamba mbele yake hakuna mtu, ni mtandao tu umekata. Akaniangalia kama askari wa barabarani anavyomwangalia dereva asiye na leseni. “Basi kama hakuna mtu mbele, si ipite!”

Barua yenyewe ilikuwa na picha za kontena, megabaiti 25. Hapa kuna siri ambayo watu wa ofisi hawataki kuisikia: kiambatisho hakisafiri na uzito wake wa asili. Kinageuzwa kuwa herufi za kawaida kwanza, na katika kugeuzwa kinanenepa kwa theluthi moja. Megabaiti 25 zinakuwa kama 34. Njia yetu ya kupeleka nje, siku ikiamka vizuri, ni kilobiti 256 kwa sekunde. Piga hesabu: dakika 18 hivi. Na mtandao wetu haujawahi kukaa dakika 18 bila kukata. Ukikata kwenye dakika ya 17, barua haiendelei pale ilipoishia. Inaanza upya, kutoka herufi ya kwanza, na seva hailalamiki. Wiki hiyo barua ilikuwa inapanda kilima kutwa kucha na kuteleza karibu na kilele, huku wengine wote wakilalamika kwamba mtandao ni mzito.

Baada ya saa chache seva hutuma taarifa: barua yako imechelewa, hili ni onyo tu, huna haja ya kutuma tena. Dada wa mapokezi huisoma mpaka neno “imechelewa”, kisha hutuma tena. Sasa foleni ina makontena mawili. Mhasibu yeye huijibu. Aliwahi kumwandikia MAILER-DAEMON, jina ambalo seva hutilia sahihi taarifa hizo, barua ya heshima sana, akimtakia kazi njema na kumwomba alishughulikie suala hili kwa uzito unaostahili. Hakujibiwa, na mpaka leo anamwona ni mtu mwenye dharau.

Kuna balaa jingine, la barua kufika bila sisi kujua. Seva ya upande wa pili inaipokea, inasema “nimepata”, na neno hilo linapotea njiani kwa sababu mtandao umekata palepale. Ya kwetu, kwa uaminifu wake, inatuma tena. Mteja mmoja alipokea ankara ileile asubuhi, mchana na jioni, kama dozi ya vidonge. Alipiga simu kuuliza kama tunamdai mara tatu. Bosi, kwa sekunde chache, alilifikiria.

Umeme nao una mambo yake. Seva ina betri ya akiba, na betri hiyo ina matundu manne ya kuchomeka. Mhasibu aligundua kwamba umeme ukikatika matundu hayo bado yana moto, akachomeka birika. Chai haikuchemka, seva ikazima. Halafu akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, isiingie vumbi, ikaanza kuzima yenyewe kwa joto hata umeme ukiwepo.

Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na nchi nzima ikawa kama ofisi yetu. Sijawahi kuifurahia kazi yangu kama siku zile. Benki zinalalamika, redio zinatangaza, na kwa mara ya kwanza kosa halikuwa langu. Bosi alisikia habari, akaniita na kunipa pole. “Kumbe shida iko baharini!” Tangu siku hiyo, kila mtandao ukikata, huniuliza kama ni baharini tena. Namjibu ndiyo, mzee. Mara nyingi ni birika.

Picha za kontena zilifika Dubai hatimaye. Nilizipunguza ukubwa kwenye kompyuta yangu mpaka zikawa megabaiti moja, zikaondoka kabla bosi hajamaliza kuuliza zimefikia wapi. Nilitegemea asante. Akasema, “Unaona? Nilikwambia ipite.”

Basi ndugu mteja, ukituandikia ukaona kimya, usitume tena wala usipige simu kuuliza kama tumeipata. Tupe siku 5, maana kanuni zinaruhusu. Na kama uko hapahapa mjini na kiambatisho chako ni kizito, kiweke kwenye flashi umpe bodaboda. Ofisi yetu anaijua, na yeye hukata kona tu.