Ukuta Uliomnyima Mama Usingizi

Nyumba yetu ya Busia, upande wa Kenya, ni ya matofali, isipokuwa ukuta mmoja unaotenga sebule na chumba cha mama mkwe. Huo ni wa fremu ya mbao iliyopigiliwa plaiwudi pande zote mbili, katikati kuna uwazi. Shemeji, fundi wa redio kutoka Tororo, aliuchagua huo kupachika spika mbili kwa sababu haukuhitaji nyundo na tindo.

Rumba ilipofunguliwa, sebule ilichangamka. Mama akatoka chumbani. "Wanangu, huku kwangu kikombe kinacheza juu ya rafu." Alisema kweli. Spika hutoa sauti mbele na nyuma pia. Ile ya nyuma ilizunguka ndani ya uwazi, ikatikisa plaiwudi na kumfikia Mama kitandani.

Tukaanza kusaka kitu cha kuuzima mtikisiko huo, kwa bei inayowezekana katika nyumba yenye karo ya kulipa.

Mume wangu alileta trei za mayai, kwa kuwa studio nyingi za mitaani huzibandika ukutani. Mwangwi wa sebuleni ulipungua kidogo, lakini besi ilipita vilevile. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo besi ya hezi 100 ina wimbi la urefu wa mita 3.4 hivi. Karatasi nyepesi hailizuii.

Yakafuata mabaki ya sponji ya magodoro. Mama akaagiza kipande kipelekwe uani kiwashwe. Kililipuka moto, kikadondosha matone yanayowaka na kufuka moshi mweusi. "Hicho hakikai nyuma ya kitanda changu," akasema, na hakuna aliyembishia. Moshi wa sponji hiyo hubeba sumu ya kaboni monoksidi na hata sianidi, nasi tulikuwa tunataka kuifungia ukutani pamoja na nyaya.

Tulifumua mito ya zamani tukajaza sufi yake ndani ya uwazi wa ukuta. Sauti za kati na za juu zikalainika. Panya nao wakapata tandiko, wakaingia kupitia pengo la chini, na usiku Mama akasikiliza mikwaruzo badala ya rumba.

Shemeji alirejea kutoka Tororo na neno moja: uzito. Alitueleza kwamba katika miaka ya 1950 Gilbert Briggs, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Wharfedale kule Yorkshire, Uingereza, alitumia mbao za tabaka mbili zilizojazwa mchanga mkavu. Basi tukaanika mchanga, tukauchekecha. Nyuma ya kila spika akaunda sanduku lililozibwa pande zote, lenye kuta za plaiwudi maradufu, na mchanga ukashindiliwa kati ya tabaka. Alilikalisha juu ya nguzo zinazofika sakafuni, maana plaiwudi ya ukuta isingelibeba. Ndani akaweka vipande vya blanketi kuukuu la sufu kutoka mitumbani, bila kuvibana; sufu haishiki moto upesi kama sponji. Kati ya spika na ukuta akalaza tepe za tyubu kuukuu za baiskeli. Katika mji huu ambao boda boda za baiskeli zilivusha watu mpakani kabla ya pikipiki kuenea, tyubu hazikosekani. Mwisho akaziba kila ufa kwa silikoni.

Rumba ikapigwa tena, kwa kiasi. Kikombe kilitulia, na Mama akalala.

Ndugu msomaji, kama unataka spika ukutani, anza kwa kulipia sanduku lililozibwa vizuri na kuziba nyufa, kwani penye upenyo sauti hupita. Fuatisha uzito: mchanga ni wa bei nafuu, hauungui wala hauliwi na mchwa. Vitu laini viwe vya mwisho, tena ndani ya sanduku tu. Sponji ya godoro usiitie ukutani kabisa, hata ukipewa bure. Na kabla fundi hajatoboa, muulize anayelala upande wa pili.