Sifa za Kivuli cha Ghorofa

Kivuli cha mwembe kimesifiwa vya kutosha, na hakuna mtu wa pwani anayehitaji kukumbushwa wema wake. Lakini kivuli cha ghorofa, ambacho hakidondoshi embe wala hakina wa kukitandikia mkeka, bado hakijapata msifu wa kukitendea haki. Upungufu huo unashangaza, kwa kuwa katika mji wa San Francisco, jimbo la California nchini Marekani, kitu hiki kisicho na uzito wala bei kimepanda cheo hadi kuwa mhusika mkuu wa mapitio ya mipango miji, yaani utaratibu ambao mamlaka ya mji huutumia kuchunguza michoro ya nyumba kabla ya kuruhusu msingi uchimbwe.

Nasaba yake ya kisheria ni njema. Mwezi Juni 1984 wapigakura wa mji huo walipitisha Pendekezo K, sheria iliyotokana na kura ya wananchi wenyewe, ambayo huzuia jengo lenye kimo cha zaidi ya futi 40, takribani mita 12, lisitupe kivuli kipya chenye madhara juu ya bustani za umma, kuanzia muda wa saa moja baada ya jua kuchomoza hadi saa moja kabla halijazama. Mwaka 1989 bustani 14 za katikati ya mji ziliwekewa viwango, na kivuli kikawa na kipimo chake rasmi, futi za mraba kwa saa, kinachopatikana kwa kuzidisha ukubwa wa eneo lililofunikwa na muda lililofunikwa, kisha kujumlisha hesabu ya mwaka mzima. Ni wapangaji wachache duniani waliowahi kuhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Jiografia nayo imekipendelea. Dar es Salaam, jengo la mita 20 halitupi kivuli cha adhuhuri kinachofika mita 12 hata mwezi Juni, kinapokuwa kirefu kuliko miezi yote. San Francisco, iliyo mbali kaskazini mwa ikweta, jengo la kimo hichohicho hutupa kivuli cha takribani mita 36 adhuhuri ya tarehe 21 Desemba. Mshindani wake pekee ni ukungu wa Bahari ya Pasifiki, ambao kila kiangazi huifunika mitaa mizima bila kuwasilisha ramani wala kulipia ada ya kibali, na ambao hakuna anayeukatia rufaa.

Kilele cha utukufu wake kilikuwa mwaka 2018, katika kiwanja namba 2918 cha barabara ya Mission, palipokuwa na duka la kufulia nguo kwa mashine za kulipia, na ambapo mwenye kiwanja alikusudia kusimamisha jengo la ghorofa nane lenye nyumba 75. Historia ndiyo iliyotangulia kuukwamisha mradi: iliandikwa ripoti ya kurasa 137 ili ijulikane kama duka hilo ni urithi wa kihistoria, ikaonekana kwamba si urithi. Hapo ndipo kivuli kilipoitwa. Kwa kutumia Sheria ya Ubora wa Mazingira ya California ya mwaka 1970, ambayo hudai athari za mradi zichunguzwe kabla ya kuidhinishwa na humpa mpinzani nafasi ya kukata rufaa, Baraza la Wasimamizi, ambalo kazi yake ni kama ya baraza la madiwani, liliamua kwamba kivuli kitakachoangukia uwanja wa michezo wa shule jirani kichunguzwe zaidi.

Uwezo huo unastahili kutazamwa kwa makini. Vivuli vyote hufuata miili yao, ila hiki kiliutangulia wake, kikafika kikaoni kabla ya tofali la kwanza. Watu ambao wangeishi katika nyumba zile 75 nao walikuwa hawajapatikana, kwa maana hakuna aliyejua majina yao, na wao wenyewe hawakujua kwamba ndio; lakini ilhali kivuli kilipimwa tena na tena, sheria haikudai hata ukurasa mmoja kuhusu madhara ya watu hao kukosa pa kulala.

Unyenyekevu wake pia haujatajwa ipasavyo. Wengi wa waliopinga mradi walihofia jambo zito zaidi, kwamba kodi za pango zingepanda na familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini zingesukumwa nje ya mtaa wao wa miaka mingi. Na kwa kuwa sheria ya mazingira haikuwa na mahali pa kupokea hofu hiyo, kivuli kilikubali kuibeba, kama hamali asiyeuliza kilichomo ndani ya gunia. Kwamba watoto wadogo huhitaji jua ni kweli. Kwamba jua ndilo lililokuwa likigombewa, hilo linahitaji imani kubwa.

Mwezi Juni 2025 gavana wa California alitia saini sheria inayosamehe nyumba nyingi za ndani ya miji, zikitimiza masharti, uchunguzi wa ile sheria ya 1970, na hivyo kivuli kimepoteza sehemu kubwa ya himaya yake. Pendekezo K halikuguswa, na katika bustani za umma kivuli bado kinapokelewa kwa rula, kalenda na heshima zote.